Betri Inaliwa Chipu Ikiwa Imelala

Karibu kila kijana anayenionyesha mchoro wa kipima unyevu alichokibuni huniuliza swali lile lile: nishushe kasi ya chipu hadi ngapi ili betri idumu? Huwa naumia kidogo, maana jitihada nzuri inaelekezwa mahali pasipo na hasara. Chipu ikiwa kazini haimalizi betri. Wanaoimaliza ni wale wa upande wa analogia, yaani sakiti zinazoshughulika na volti za kupimwa, walioachwa macho wakati kila kitu kingine kimelala.

Tupige hesabu kwa kifaa halisi. Vipima vyangu vingi viko kwenye mashamba ya nyanya upande wa Ilula, Iringa. Ndani yake mna chipu kuu inayoendesha programu, ATmega328P ya megahezi 8 kwa volti 3.3, redio ya masafa marefu ya LoRa yenye chipu ya SX1276, sensa za unyevu wa udongo, na seli moja ya lithiamu ya 18650 yenye miliampea-saa 2,500. Kila dakika 15 kifaa kinaamka, kinapima, kinatuma, kinalala tena. Kikiwa macho, chipu inakula kama miliampea 4. Tuseme inakaa macho sekunde 0.2. Zidisha, kisha gawa kwa sekunde 900: wastani haufiki hata mikroampea 1. Redio ikituma kwa nguvu ya dBm 13 inakula miliampea 29, mkondo wa kutisha ukiuona kwenye mita, lakini kifurushi kinachokwisha ndani ya sekunde 0.1 kinakupa wastani wa mikroampea 3 na kidogo.

Sasa mlinganishe na kigeuzi cha analogia kwenda dijiti, yaani ADC, kilichosahauliwa kimewashwa. Hicho kinakula mikroampea 200 hadi 300 na ushee, kutegemea volti, usiku na mchana. Kwa mikroampea 250 peke yake seli ile inakwisha kwa saa 10,000, kama miezi 13 na nusu. Ukikizima, kifaa kizima kinabaki na wastani wa mikroampea kama 11, na kwa karatasi seli ingedumu zaidi ya miaka 25. Haitadumu hivyo, kwa sababu seli yenyewe huzeeka na kupoteza chaji yake kabla ya hapo. Ila ndiyo hali ninayoitaka: betri ife kwa uzee wake, isife kwa uzembe wa programu yangu.

Jambo hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu ya watu. Mzee mmoja mwenye shamba, siku tunafunga kifaa, aliniuliza, "Mwanangu, hiki kitavuka masika yote?" Nikamjibu, "Kitavuka, baba." Masika barabara za shambani hazipitiki, bodaboda hugoma au hutaka nauli mara mbili, na kifaa kikizimika mwezi wa nne hakuna wa kukifuata hadi matope yakauke. Jibu langu kwa yule mzee limekaa ndani ya biti chache za rejista, vile visanduku vya ndani ya chipu ambavyo 0 au 1 yake huwasha na kuzima sehemu zake.

Nianze na ile ADC yenyewe. Ukinunua ATmega328P tupu, ikiamka baada ya riseti ADC yake imezimwa: biti ya ADEN kwenye rejista ya ADCSRA ni sifuri. Lakini ukitumia mazingira ya kuandikia programu ya Arduino, kabla setup() yako haijaanza kuna kazi inaitwa init() inayoiwasha kwa niaba yako. Kwa hiyo hata programu ya kuwasha na kuzima taa tu, isiyo na analogRead() hata moja, ina ADC iliyo macho. Mwenye programu hakuiwasha, hivyo hawezi kukumbuka kuizima. Tena usingizi mzito wa chipu hauizimi. Unasimamisha mapigo ya saa, lakini sakiti za analogia hazihitaji mapigo ili zinywe umeme. ADEN ikiwa 1 zinaendelea kunywa.

Kuna mpangilio hapa ambao lazima ufuatwe. Chipu hii ina rejista nyingine, PRR, yenye biti ya PRADC inayokata mapigo ya saa yanayokwenda kwenye ADC. Wengi huona PRADC wakadhani imetosha. Datashiti, yaani karatasi ya maelezo ya mtengenezaji, inasema wazi kwamba ADC izimwe kwanza ndipo ikatwe. Ukianza na PRR, unaigandisha ADC katika hali iliyokuwa nayo, yaani ikiwa imewashwa, na kuanzia hapo hata rejista zake hazipokei amri yako. Kwa hiyo ADCSRA iwe sifuri kwanza, PRADC ifuate. Kuamka ni kinyume chake: ondoa PRADC, halafu washa ADEN.

Komparata ya analogia, sakiti ya kulinganisha volti mbili, ina tabia tofauti. Yenyewe huamka imewashwa tangu riseti, uitumie usiitumie, mpaka uandike 1 kwenye biti ya ACD ya rejista ya ACSR. Hula kidogo kuliko ADC, lakini katika kifaa kinacholenga mikroampea za kuhesabika kwa vidole, kidogo hicho kinaonekana. Kama ulikuwa umewasha interapti yake, yaani ishara inayoikatiza programu, izime kwanza, maana kuigusa ACD kunaweza kuzusha interapti ambayo hukuitegemea.

Ninayempenda zaidi kumweleza mtu ni chanzo cha volti 1.1 kilichomo ndani ya chipu, kile ambacho ADC na wengine hukitumia kama kipimo cha kulinganishia. Hakina swichi yake. Kinawaka kama yeyote kati ya watatu anakihitaji: kilinzi cha volti ndogo, kinachoitwa BOD, kikiwa kimewashwa, komparata ikiwa imeunganishwa nacho kwa biti ya ACBG, au ADC ikiwa imewashwa. Unaweza kuzima ADC na komparata ukaona mita bado inakuonyesha mikroampea 20 hivi, ukachanganyikiwa. Huyo ni BOD pamoja na chanzo anachokishikilia.

Kuhusu BOD nina msimamo. Kuna wanaokizima kabisa kwa fyuzi za chipu, yaani mipangilio yake ya msingi, ili wapate namba nzuri ya kuonyesha. Mimi sikizimi kabisa. Seli ikichoka, volti hushuka polepole, na chipu inayofanya kazi kwenye volti isiyotosha inaweza kuandika takataka kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, ambamo nimehifadhi vipimo vya kusahihishia kila sensa. ATmega328P, ile yenye P mwishoni, inaruhusu BOD kizimwe kwa muda wa usingizi tu: biti za BODS na BODSE kwenye rejista ya MCUCR, ndani ya mapigo manne ya saa, kisha amri ya kulala ifuate ndani ya mapigo matatu. Chipu ikiamka, BOD kinarudi chenyewe. Ndiyo njia ninayotumia, na siuzi kifaa kisicho na ulinzi huo.

Pini nazo zina siri yake. Kila pini ya kuingizia ina kipokezi cha kidijiti kinachoamua kama volti iliyopo ni 0 au 1. Ukikipa volti ya katikati, nusu ya umeme wa chipu, transista zake mbili hufunguka nusu nusu kwa pamoja na mkondo ukapita moja kwa moja kutoka juu kwenda chini. Waya wa sensa ya udongo hukaa kwenye volti za katikati siku nzima. Ndiyo kazi yake. Kwa hiyo pini ya analogia kipokezi chake kizimwe kwa rejista ya DIDR0 (na DIDR1 kwa pini mbili za komparata), kisha kiachwe hivyo hivyo maisha yote. Hakuna cha kuwasha wala kuzima kila mara. Ni mstari mmoja mwanzoni mwa programu. Wanaotumia chipu za STM32 wana kitu cha namna hiyo: pini zote zisizotumika ziwekwe hali ya analogia, kwa sababu hiyo ndiyo hali inayozima kipokezi cha kidijiti. Pini iliyoachwa ikielea hewani hula umeme kwa namna usiyoweza kuitabiri; ukipitisha kidole karibu nayo, unaona mita inacheza.

Kwenye STM32L0, ADC yenyewe ina hali ya kujizima kila inapomaliza kupima, AUTOFF, na ndani ya rejista ya PWR_CR kuna biti ya ULP inayozima chanzo cha volti ya kulinganishia chipu inapolala. Chipu za MSP430 za zamani zina biti ya REFBURST, inayowasha bafa ya volti ya kulinganishia wakati wa kupima tu. Majina ni tofauti, wazo ni lile lile. Ukihamia chipu mpya, ukurasa wa kwanza kuutafuta kwenye datashiti ni ule unaosema nani anakishikilia chanzo cha volti kiwe macho.

Hayo ni ya ndani. Nje ya chipu ndiko kwenye hasara kubwa zaidi, na ndiko watu wasikotazama, kwa kuwa programu haiwezi kuwaonyesha.

Chukua rezista mbili za kugawanya volti ya betri ili chipu iweze kuipima. Mbili za omu 100,000 kwenye seli ya volti 4.2 zinakula mikroampea 21 muda wote. Hiyo ni karibu mara mbili ya kifaa changu kizima, kwa ajili ya kipimo ninachokihitaji mara moja kwa siku! Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kuweka rezista za omu milioni moja. Mkondo unashuka hadi mikroampea 2.1, sawa, lakini ADC ya ATmega imetengenezwa kwa chanzo chenye ukinzani wa omu 10,000 au chini yake, na wewe sasa unaipa omu 500,000. Ile kapasita yake ndogo ya ndani haiwahi kujaa, kipimo kinakuwa cha uongo. Utaongeza kapasita ya nanofaradi 100 kwenye pini ili iisaidie, na itafanya kazi, ila kumbuka kwamba kuijaza kupitia omu 500,000 kunachukua sekunde 0.25 hivi kabla haijatulia.

Mimi siipendi njia hiyo kwa sababu nyingine, ambayo aliye mezani tu hawezi kuiona. Shambani kuna umande. Bodi yenye mabaki ya flaksi ya kulehemu ikipata unyevu, kati ya pini na pini panakuwa na njia ndogo ya umeme, na mbele ya rezista za omu milioni njia hiyo si ndogo tena. Kipimo cha betri kinayumba asubuhi, kinatulia mchana. Ninachofanya ni kubaki na rezista za chini, kisha kuzikata zote kwa transista ya MOSFET aina ya P inayofunguliwa wakati wa kupima tu. Au, kifaa kikiwa hakina regyuleta, yaani kidhibiti cha volti, siweki rezista hata moja: ADC inaweza kupima ile volti 1.1 ya ndani kwa kulinganisha na volti ya umeme wake yenyewe, ukapata volti ya betri kwa kuzidisha 1.1 na 1024 kisha kugawa kwa namba uliyosoma. Jambo moja tu: ile 1.1 si 1.1 kwa kila chipu. Datashiti inairuhusu iwe popote kati ya 1.0 na 1.2, kwa hiyo kila chipu ipimwe mara moja na namba yake ihifadhiwe.

Sensa zenyewe ni rahisi kuzikata kama hazili sana. Sensa ya udongo ya aina ya kapasita, zile nyembamba nyeusi zenye chipu ya 555 ndani, inakula kama miliampea 5. Pini moja ya ATmega inaweza kutoa miliampea 20 bila taabu, kwa hiyo waya wa umeme wa sensa naufunga kwenye pini ya kutolea, si kwenye reli ya volti. Pini juu, subiri itulie, pima, pini chini. Kwa zile sensa za meno mawili ya chuma faida ni mbili: mkondo usiokatika unaposafiri kwenye udongo wenye maji hula chuma chenyewe, na meno yanaisha mapema. Ukiyapa umeme kwa kitambo kidogo tu kila dakika 15, yanadumu mara nyingi zaidi.

Hapa pana mtego. Sensa uliyoikata umeme bado inaweza kulishwa kwa mlango wa nyuma. Kipimajoto cha DS18B20 kinahitaji rezista ya omu 4,700 kutoka waya wa data kwenda kwenye volti. Ukikikata umeme lakini rezista ile ikabaki kwenye reli kuu, mkondo unapita kwenye rezista, unaingia kwa waya wa data, na kipimajoto kinabaki nusu hai. Rezista hiyo nayo ifungwe kwenye pini ile ile inayokatwa. Na kabla ya kulala, waya wa data ushushwe chini, usiachwe juu.

Kuna rafiki aliyetaka mizani ya mizinga ya nyuki kwa mtindo huu huu. Sensa ya uzito ya kawaida ni daraja la rezista lenye omu 350, ambalo kwa volti 3.3 linakula zaidi ya miliampea 9. Chipu ya kuisoma, HX711, hulala ukishikilia pini yake ya PD_SCK juu kwa zaidi ya mikrosekunde 60, na daraja linakatika pamoja nayo. Lakini ikiamka, kwa kasi ya vipimo 10 kwa sekunde inahitaji milisekunde 400 ili itulie. Kwa vipimo 80 kwa sekunde inahitaji 50 tu. Bodi nyingi za bei nafuu zimeifunga pini ya RATE chini, kwenye 10. Ukiinyanyua pini hiyo kwa pasi ya kulehemu na kuipa volti, umepunguza muda wa daraja kuwaka mara nane. Kelele, yaani kuyumba kwa namba inayosomwa, inaongezeka kidogo. Kwa mzinga wenye kilo 30 haina neno.

Ndiyo maana sishushi kasi. Kwenye analogia, muda wa kuwaka ndio gharama. Opampu, yaani kikuza ishara, ya MCP6041 inakula mikroampea 0.6 na unaweza kuiacha iwake daima, lakini ni ya polepole, na chipu kubwa ikikaa macho ikiisubiri itulie, ile akiba inarudi kuliwa kwa mlango mwingine. MCP6001 inakula mikroampea 100, ni mwepesi zaidi, na ukiikata baada ya kila kipimo inaweza kukugharimu kidogo kuliko ile ya kwanza. Hesabu mkondo mara muda kwa kila mmoja, usitazame mkondo peke yake. Kwa ADC vivyo hivyo: kwa saa ya kilohezi 125 kipimo cha kwanza kinachukua mapigo 25, yaani mikrosekunde 200, na vinavyofuata mapigo 13, mikrosekunde 104. Vipimo vinne na unazima. Kinachochelewesha ni kapasita ya nanofaradi 100 kwenye AREF, pini ya volti ya kulinganishia, maana ukibadili volti ya kulinganishia inasafiri kupitia omu 32,000 za ndani na inahitaji milisekunde kadhaa kutulia. Usibadili volti ya kulinganishia katikati ya kazi kama huna sababu.

Jingine la haraka: kama bodi yako ina regyuleta ya AMS1117, ing'oe kwanza, ndipo usome yote niliyoandika. Yenyewe inakula kama miliampea 5 bila kufanya lolote, na seli ile ya 2,500 inakwisha kwa wiki tatu. Ninatumia MCP1700, ambayo inaridhika na mikroampea 1.6.

Kupima mikondo midogo hivi kuna ugumu wake. Mita ya kawaida kwenye safu ya mikroampea ina rezista ndani yake, na redio ikiamka na kutaka miliampea 29, volti inaangukia ndani ya mita, chipu inariseti, nawe unadhani programu ina hitilafu. Natumia kapasita. Naiweka mikrofaradi 1,000 sambamba na umeme wa kifaa, naiacha ijae, nasubiri chipu ilale, kisha naondoa betri na kuhesabu sekunde volti inavyoshuka. Ikishuka nusu volti kwa sekunde 100, mkondo ni mikroampea 5. Kwanza naipima kapasita peke yake, bila kifaa, kwa kuwa za elektrolaiti huvuja na uvujaji huo lazima utolewe kwenye hesabu. Mita yenyewe, yenye ukinzani wa omu milioni 10, inakula mikroampea 0.33 kwa volti 3.3, nayo naitoa.

ATmega328P ikiwa katika usingizi mzito na mlinzi wake wa muda (watchdog, saa ya ndani inayoiamsha) akiwa macho, datashiti inataja mikroampea 4.2 kwa volti 3. Mlinzi huyo anaweza kuhesabu sekunde 8 tu kwa mkupuo, kwa hiyo dakika 15 ni kuamka mara 112 hivi, na katika kuamka huko kote ADC haipaswi kuguswa hadi zamu ya kupima ifike. Baadhi ya maktaba za kulalia huiwasha ADC kila zinapoamka, kwa hiyo fungua faili yake uisome kabla ya kuitumia. Nikiongeza redio iliyolala na regyuleta, natarajia mikroampea 6 au 7 mezani. Ikisoma 9, siendi Ilula. Naosha bodi kwa spiriti, naikausha, napima tena, kisha naanza kunyanyua sensa moja moja hadi nimpate anayekunywa.